Kapeti la Gari la Baba

Fundi alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja wapya: kabla hajaitikia salamu yako, alikuwa anaangalia viatu vyako. Akiona tope, anakunja uso. Akiona vumbi la machimboni, anatikisa kichwa. Hapo ndipo anaitikia, kisha anakuuliza habari za nyumbani kwa upole wote, utadhani hajakutukana kwa macho sasa hivi. Alisema gari huanza kuoza miguuni mwa mwenye gari, na kwamba mtu asiyejua kukung'uta viatu asije kumlilia yeye habari za kutu.

Nilimjua kwa karibu miaka ishirini. Mashine yangu ya kukamua alizeti ilitazamana na kibanda chake hapo Shelui, barabara kuu ikiwa katikati, na malori ya kwenda Nzega yakipita baina yetu mchana kutwa. Ukoo wake siujui vizuri na wala haunihusu. Ninaandika kwa sababu jina la mtu huyu liliharibika, watu wa Shelui wanadhani wanamjua aliyeliharibu, na hawamjui. Niliyeliharibu ni mimi.

Kazi yake ilikuwa ndani ya magari: viti, dari, vitambaa vya milango. Lakini kilichompatia jina mpaka Igunga na Singida mjini ni kapeti. Magari ya siku hizi, yanayokuja na kapeti lililofinyangwa kiwandani, aliyaita masufuria; unatoa, unaosha, unarudisha, kazi ya mtu yeyote. Aliyoyapenda ni magari ya wazee: landrova za misheni, pikapu za zamani za ushirika, saluni ndefu ambazo waliozinunua zikiwa mpya wameshazikwa. Kapeti la gari la namna hiyo hulipati dukani popote. Lazima likatwe upya kwa mkono, na mkono ulikuwa wake.

Alikuwa mzito kuanza. Kwanza anatoa viti vyote, anavipanga nje kama watu waliokuja msibani. Kisha anabandua kapeti la zamani polepole, hata kama limeoza na linanuka mkojo wa panya, na ole wako ulitupe. Lile bovu ndilo kipimo. Analilaza juu ya jipya, upande wa nyuma, anachora kwa chaki, anaacha ziada ya vidole viwili kila ukingo. Kama la zamani limekwisha kabisa, anakata kipimo kwa mfuko wa sandarusi, anaingia nao ndani ya gari, anatoka, anapunguza, anaingia tena, mpaka mgongo unamlia. Mkasi hauguswi kabla ya hapo. Na anapoanza kuweka, anaanzia kwenye tuta la katikati, pale inapopita gia. Alisema tuta likikaa sawa, pembe zote zinatii.

Gundi alipaka asubuhi tu. Aliyewahi kuishi mkoani kwetu anajua upepo wetu: ukishaamka saa tatu, haulali tena mpaka jioni, na unakuja na nusu ya ardhi ya wilaya. Fundi alikuwa kibandani kabla ya jua, kopo la gundi mkononi, na upepo ukianza tu anafunika kopo, anakaa. Lori lipige honi, mwenye gari alie, mkuu gani sijui apige simu, anakaa. Nimewahi kumwona mfanyabiashara mmoja wa Ikungi akimpigia magoti, nusu utani nusu kweli.

"Mzee, nimetoka mbali. Paka tu hiyo pembe moja iliyobaki."

"Upepo."

"Pembe moja tu, mzee wangu!"

"Hiyo pembe moja ndiyo itakayoinuka, na utasema nani aliweka."

Jamaa akalala nyumba ya wageni. Asubuhi pembe ikapakwa.

Lakini jambo lililomtofautisha na mafundi wengine wote ni maandishi. Kabla hajafunika sakafu ya gari, anachovya kijiti kwenye rangi nyeusi, anaandika juu ya bati. Hakuwa anaandika jina lake. Alimwandikia fundi atakayekuja kufungua baada yake, leo au miaka thelathini ijayo. "Hapa chini kuna waya, usipige msumari." "Kutu upande wa dereva imechomelewa, angalia tena." Akiona ubovu na mwenye gari akakataa kuutengeneza, aliandika hivyo hivyo: "Mwenye gari ameonyeshwa. Amekataa." Kisha anamwita mwenyewe asome, ndipo anafunika. Wengi walisoma wakacheka. Wachache walisoma wakamwambia asubiri, wakaenda kumtafuta mchomeleaji. Katika landrova ya mtu mmoja mkorofi aliandika, "Huyu ni mgomvi, kula kwanza ndipo uanze," na hiyo hakumwonyesha mwenyewe. Miaka kadhaa baadaye fundi asiyemjua alikuja kutoka Nzega kumsalimia, amemletea kilo mbili za mchele, akasema alikula kwanza na kweli ilimsaidia.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kinywa kibaya. Madereva wa malori waliomwaga maji machafu mbele ya kibanda chake walitukanwa kwa Kiswahili, na yaliyobaki yakamalizikia kwa Kinyiramba. Jumapili huyo huyo alikuwa kwenye kwaya ya wazee, amefumba macho, sauti ya nne inatoka tumboni. Alikuwa mchoyo wa sifa pia. Ukimwambia kazi yake nzuri anajibu, "Ulitegemea nini?" Ukinyamaza, ananuna siku mbili.

Na nyumbani kwake sakafu ilikuwa udongo mtupu. Mkewe alilalamika mpaka akachoka: mtu anayelaza makapeti ya watu kutwa, watoto wake wanalala juu ya mkeka, na mabaki yamejaa kibandani. Fundi hakuwahi kupeleka nyumbani hata kipande cha kukanyagia mlangoni. Nilimuuliza siku moja kwa nini.

"Udongo ukiharibika unauona," akasema. "Ukishaweka kapeti huoni tena kitu. Mimi nakaa humo kutwa. Nyumbani nataka kuona."

Nilicheka. Nilimwona mzee wa vituko. Pombe, kwa mfano, hakuigusa hata ya harusi, kwa sababu aliogopa mkono utetemeke kwenye mkasi. Hilo mlikumbuke, maana mbele litanirudia mimi.

Sasa gari la baba. Lilikuwa saluni ya Kifaransa, ndefu, rangi ya maziwa, na wakati wa uhai wake baba alilijua kuliko alivyotujua sisi. Alipofariki likabaki kwangu. Mdogo wangu wa mwisho, binti pekee kwa mama yetu, alipopata mchumba, kamati ya harusi ilikaa na kuamua kwamba bibi harusi atakwenda kanisani Kiomboi na gari la baba, na mama atakaa kiti cha mbele, mahali pale alipokaa miaka yote baba alipokuwa akiendesha. Watu walipiga makofi. Mama alilia. Katika kikao kile hakuna aliyetaka kusikia kwamba kapeti la gari hilo lilikuwa limeoza na linanuka, na kwamba gauni jeupe haliwezi kuburuzwa pale.

Nilimpelekea Fundi siku ya Alhamisi. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Alitoa viti, akabandua kapeti, akaniita. Sakafu upande wa kushoto mbele, palipokuwa boliti za kiti cha abiria, ilikuwa imeliwa. Aligonga kwa kidole, vipande vikaanguka chini kama maganda ya alizeti. Niliona ardhi kupitia sakafu ya gari la baba yangu.

"Hii inataka mchomeleaji, bati jipya, ikauke, nipake rangi. Siku nne."

"Fundi, harusi ni kesho kutwa."

"Nimesikia. Siku nne."

Nilibembeleza. Nikamtumia wazee wawili wa kamati. Nikamwambia habari za mama na kiti chake cha mbele, na nilipoona analegea nikakaza hapo hapo, kwa sababu nilijua anamheshimu mama yangu. Mwisho akasema ataweka kapeti asubuhi ya Ijumaa, bibi harusi apite juu yake, lakini kiti cha mbele kushoto hakirudi. Mama akae nyuma na binti yake. Jumatatu gari lirudi kwake.

"Kiti nitabaki nacho mimi," akasema.

"Sawa, Fundi. Kibaki."

Ijumaa hiyo mchomeleaji wa jirani alikuwa na kazi zake kibandani humo, cheche zinaruka, gundi ikachelewa, na upepo ukaanza wakati bado upande mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona Fundi akipaka gundi kwenye upepo. Alipaka amekunja uso, vumbi linanata, mimi nimesimama kwenye mlango wa gari naangalia saa. Alipomaliza lilikuwa kapeti zuri sana, la rangi ya damu ya mzee, limekaa kwenye tuta kama limezaliwa nalo. Yale matundu huyaoni kabisa. Ungeapa sakafu ni nzima.

Jumamosi asubuhi, Fundi akiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nilikwenda kibandani nikamwambia mkewe mzee ameniruhusu kuchukua kiti. Akanipa. Nilikifunga mwenyewe. Nilitoboa kapeti kwa bisibisi, nikatafuta matundu ya boliti, nikaweka washa pana, zile pete za bati, chini, nikakaza mpaka spana ikagoma, nikakitikisa nikaona kimeshika. Nilijiona fundi. Nilisema moyoni: mzee anapenda kujikuza. Mama aliingia mbele akiwa na kitenge kipya, akapapasa kapeti kwa mguu, akasema, "Baba yenu angefurahi."

Tulipokuwa tunapanda mlima, ng'ombe walikatiza barabara. Nilikanyaga breki kwa nguvu ya kawaida tu, hata waliokaa nyuma hawakupiga kelele. Kiti cha mama kiliondoka. Kiling'oka na vipande vya sakafu, kikamsukuma mbele, na mguu wake ukabaki chini. Mfupa wa paja ulivunjika. Harusi ilifungwa jioni bila mama, na bibi harusi alitoka hospitali kwenda kanisani kwa gari la kuazima, gauni lina damu pindoni.

Hapo hospitali mjomba aliuliza swali moja: nani alitengeneza lile gari?

Nikataja jina la Fundi. Sikusema uongo, mnaona? Nilitaja jina tu, halafu nikanyamaza. Kukaa kimya nilikufanya kwa ustadi kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya.

Jumatatu mjomba alikwenda kibandani na vijana wawili. Mimi nilikuwa mlangoni kwa mashine yangu, inanguruma, na ile kelele nilijisingizia kwamba ndiyo inanizuia kusikia. Walitupa nje mikasi, chaki, marobota ya kitambaa. Walibeba cherehani yake kubwa ya miguu, wakaibwaga barabarani, na lori lililokuwa linashuka halikuwa na namna, likapita juu yake. Mjomba alikuwa anapiga kelele, "Umefunika shimo! Umemfunikia dada yangu shimo!" Watu walijaa.

Fundi alijibu neno moja tu, na lote lilisikika mpaka kwangu kwa sababu nilikuwa nimeshazima mashine. "Kapeti niliweka mimi," alisema.

Nilisubiri aendelee. Nilisubiri aseme kiti nilikataza. Mkewe alifungua mdomo, Fundi akamshika mkono, mkewe akaufunga. Kisha akainama kuokota vipande vya cherehani, na alipoinuka alitazama ng'ambo ya barabara, kwangu. Hakunitazama usoni. Aliangalia viatu vyangu.

Wateja waliisha kama maji kwenye mchanga. Kwanza wa Shelui, halafu wa Igunga, halafu wale wa mjini waliokuwa wanamwita mzee wetu. Habari ilikua njiani: alikuwa mlevi, alikuwa haoni vizuri, alikuwa anaficha kutu kwa makusudi. Mama yangu alitembea na mkongojo miaka minne iliyobaki ya maisha yake, na kila akipita pale anageuza uso. "Yule mlevi," alikuwa anasema. Mtu asiyewahi kuonja togwa iliyochacha! Mara ngapi nilikaa na mama jioni, chai mkononi, nikasema leo ninamwambia. Halafu nikaona mguu wake uliopinda, nikaona jinsi anavyonitazama, mwanawe wa kwanza, aliyempeleka hospitali amembeba mgongoni. Nikamwongezea sukari. Amekwenda kaburini akimchukia mtu asiye na kosa, na chuki hiyo nilimlisha mimi kwa kijiko.

Fundi alifunga kibanda, akahamia kwa binti yake Ulemo, kulima. Pale alipokuwepo pana duka la vocha.

Gari nililifunika turubai nyuma ya nyumba. Sikulitengeneza wala sikuliuza, na watu walidhani ni uchungu. Ilikuwa hofu. Nilijua chini ya lile kapeti jekundu kuna maandishi ya rangi nyeusi, kwa sababu hakuwahi kufunika gari bila kuandika. Nilijua hata maneno yenyewe: kiti kisirudishwe, mwenye gari ameonyeshwa. Ijumaa ile nilikuwa nimeondoka kidogo kujibu simu ya kamati; hapo ndipo aliandika, nilijiambia. Miaka kumi na moja sikuthubutu kuinua ukingo hata mara moja.

Mwaka huu amekuja mtu wa Dodoma anayependa magari ya zamani. Analitaka, na mafundi wake watafungua kila kitu. Mdogo wangu, yule bibi harusi, amefurahi, anataka awepo siku wanalifungua apige picha za gari la baba. Ndipo nikapanda bodaboda kwenda Ulemo.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kuungama. Nilikwenda kujua kilichoandikwa.

Alikuwa amekaa ndani, kwenye kigoda, karibu na mlango. Macho yote mawili yameingia weupe. Nilipokanyaga kizingiti akasema, kabla sijatoa sauti:

"Kung'uta viatu."

Nikarudi nje, nikakung'uta. Binti yake, mama wa makamo sasa, alinitambua, uso ukamkauka, lakini akaniletea kiti na maji, akatuacha. Sakafu ilikuwa udongo, imefagiliwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mama yako alikufa, nilisikia. Pole."

"Ahsante."

"Hakunisamehe."

 Akapapasa goti lake, akipima kitu kwa vidole viwili, ile ziada ya ukingo, nadhani mikono ilikuwa haijui kwamba kazi imekwisha. Nikamwambia habari za mtu wa Dodoma. Akauliza kapeti limekaaje. Nikasema limekaa vizuri, hata pembe haijainuka. Alikataa kwa kichwa.

"Lile nililibandika kwenye upepo. Limeinuka, hujaangalia tu."

Sikuweza kuzunguka tena. "Fundi, uliandika nini chini yake?"

 Kuku waliingia, akawafukuza kwa mguu.

"Sikuandika."

"Hukuandika?"

"Hukunipa nafasi. Upepo umeanza, wewe umesimama mlangoni na saa yako. Rangi nilikuwa nimeshaikoroga. Gari lako ndilo pekee sikuliandika."

Nilipumua. Sikukusudia, ilitoka yenyewe, pumzi ya miaka kumi na moja, na katika chumba kile kidogo ilisikika yote.

"Ehe," akasema Fundi. "Pumua, kijana."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini basi hakusema siku ile mbele ya mjomba, kwa nini hakusema kwamba kiti nilikirudisha mimi.

"Ningesema nini? Nisingeweka kapeti, mama yako angeyaona yale matundu kwa macho yake. Asingekaa. Nilifunika." Akanyoosha shingo upande wangu, kama anayetafuta viatu vyangu kwenye giza lake. "Yangu niliyasema. Yako nilikuachia. Nilidhani utayasema wewe, labda baada ya wiki. Mke wangu alisema mwezi."

Mkewe amefariki. Wiki zimepita, miezi imepita, mkewe amezikwa akingoja.

Sikusema samahani. Neno lilikuwepo mdomoni, na mimi nilikuwa natafuta namna ya kulisema ambayo isingetoka nje ya chumba kile. Nikaaga. Aliitikia vizuri, akanitakia safari njema, akaniambia yule mtu wa Dodoma aanzie kwenye tuta.

Binti yake alinisindikiza mpaka penye wembamba wa njia ilipokuwa bodaboda. Kijijini kwao, nilijua, bado anaitwa mtoto wa yule aliyemvunja mama wa watu. Tulipoifikia akasimama, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Kaka, ahsante sana kwa kuja. Mzee alikuwa anakungoja wewe tu. Mungu akubariki kwa kumsamehe baba."

Nilikuwa na nafasi. Hakukuwa na upepo, wala saa, wala mtu mwingine ila kijana wa bodaboda anayechezea simu yake.

"Usijali, dada," nikamwambia. "Yameshapita hayo."

Nikapanda, tukaondoka.